Namna ya Kufundisha Kusoma na Kuandika Wasifu: Mwongozo wa Vipindi Nane

Waambie wanafunzi waandike wasifu wa mtu, na karatasi nyingi zitarudi zikiwa na sura moja: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akafanikiwa kupata watoto watano. Si uvivu. Wasifu ambao mtoto ameusikia mara nyingi kuliko mwingine wowote ni ule unaosomwa msibani kabla ya mazishi, nao una mpangilio wake maalumu: kuzaliwa, elimu, kazi, familia, maradhi, kifo. Pale msibani unafaa kabisa. Darasani tunataka zaidi ya hapo. Tunataka msomaji amalize akijua mtu huyu alifanya nini alipofika mahali pa kuamua, na mwandishi amejuaje.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiswahili anayefundisha kati ya darasa la tano na kidato cha pili, au Gredi ya 6 hadi ya 9 kwa Kenya. Unajibu maswali ambayo walimu wapya huuliza kila muhula: nianze na mtu gani, mbona wananakili tu, tarehe za wazee wasiokumbuka mwaka tunazipataje, na darasa la watoto 60 linahojije watu. Kazi yote inachukua vipindi 8 vya dakika 40. Anza Jumatatu, ili mahojiano yaangukie Jumamosi na Jumapili.

Kuhusu nadharia, hii inatosha: wasifu ni maisha ya mtu yanayosimuliwa na mtu mwingine, tawasifu ni maisha yanayosimuliwa na mwenyewe.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Matini moja fupi ya wasifu, maneno 130 hadi 250. Nakala moja kwa kila wanafunzi 4 au 5. Kama hakuna pa kutoa fotokopi, iandike kwenye karatasi mbili za manila kwa makapeni nyeusi, herufi zenye urefu wa sentimita 3, uzibandike ukutani kando ya ubao. Usizibandike juu ya ubao, utauhitaji.
- Karatasi zilizotumika upande mmoja, zikatwe vipande vinne vinne. Kila kundi lipate vipande 10.
- Kamba ya mita 4 na vibanio vya nguo 15 hivi.
- Kalamu ya rangi tofauti kwa ajili ya kuhariri.
- Barua ya sentensi tatu kwa wazazi: mtoto atamhoji mtu mzima mmoja kuhusu kipindi kimoja cha maisha yake, anayehojiwa anaweza kukataa swali lolote, atasomewa maandishi kabla hayajasomwa darasani.
- Jedwali la matukio ya kukisia miaka. Limo katika hatua ya 7.

Hatua ya 1. Chagua mtu mmoja wa kusomwa na darasa zima

Tafuta mtu ambaye habari zake zinaweza kuhakikishwa, aliyewahi kusimama mahali pa kuamua, na ambaye kazi yake inagusa kitu ambacho wanafunzi wanakiona kwa macho. Wangari Maathai anafaa sana, kwa sababu kila mtoto anajua kuni na anajua mto uliokauka. Siti binti Saad, Bibi Titi Mohamed, Mekatilili wa Menza na Filbert Bayi nao wanafaa. Tunashauri usianze na rais. Wasifu wake darasani hugeuka haraka kuwa orodha ya vyeo, na wanafunzi wengi tayari wameikariri kwa ajili ya mtihani.

Unaweza kutumia matini hii kama ilivyo:

*Wangari Muta Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kusoma, akahitimu shahada ya biolojia mwaka 1964. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho.*

*Wanawake wa vijijini walikuwa wakilalamika kwamba kuni zimekuwa adimu na maji yamepungua. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kazi hiyo ilikuja kuitwa Green Belt Movement.*

*Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Maathai alipinga hadharani. Alishambuliwa kwa maneno hadi bungeni, lakini hakunyamaza. Mradi ukaachwa. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011.*

Hatua ya 2. Someni mara tatu, kila mara kwa kazi yake

Mara ya kwanza soma wewe kwa sauti, madaftari yamefungwa. Ukimaliza, kila mwanafunzi aandike jambo moja tu alilolikumbuka. Usisahihishe. Unachotafuta ni kuona kipi kimewaingia, na mara nyingi utakuta miti saba imekumbukwa na watu wengi kuliko shahada zote. Waulize kwa nini. Jibu lao ni nguzo ya somo zima: kitu kinachoonekana hukaa akilini.

Mara ya pili wasome wenyewe katika makundi ya watu 5. Kila tukio lenye tarehe waliandike kwenye kipande chake cha karatasi. Funga kamba ukutani, na waambie kila mwaka ni sentimita 5. Kutoka 1940 hadi 2011 ni miaka 71, yaani mita 3 na nusu na kidogo. Vipande vikishabanwa mahali pake, pengo kati ya 1940 na 1960 litaonekana wazi: karibu mita nzima tupu. Hapo uliza: "Miaka hiyo 20 alikuwa wapi? Nani angeweza kutuambia?" Watoto wataanza kutaja mama yake, ndugu zake, walimu wake, rejista za shule. Bila kuambiwa, wameanza kufikiri kuhusu vyanzo.

*Kosa la kawaida:* kupanga vipande kwa nafasi sawa ili kamba ipendeze. Ukifanya hivyo pengo linapotea, na zoezi limekwisha kazi.

Mara ya tatu wasome wakitafuta jibu la swali moja: ni wapi mtu huyu angeweza kufanya vingine? Kuzaliwa hakuna uchaguzi. Kupinga jengo la ghorofa 60 kulikuwa na uchaguzi, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. Mahali hapo tunapaita njia panda. Waipigie mstari, kisha kila kundi liseme ni nini kingepotea na nini kingepatikana kwa kila upande.

Hatua ya 3. Tenga taarifa na maoni

Andika sentensi hizi tatu ubaoni:

- Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940.
- Alikuwa mwanamke jasiri.
- Alishambuliwa kwa maneno hadi bungeni, lakini hakunyamaza.

Ya kwanza ni taarifa, inaweza kukaguliwa. Ya pili ni maoni ya mwandishi. Ya tatu ni tendo linaloyabeba maoni yale. Wape kanuni: sifa isiyo na tendo haihesabiwi. Neno kama jasiri, mchapakazi, mpole, shujaa au mcha Mungu likitokea, lazima sentensi inayolifuata ionyeshe mtu huyo akifanya jambo. Likikosa tendo, likatwe.

Fanyeni zoezi la dakika 10. Kila kundi liandike sifa tatu za mtu yeyote wanayemjua wote, mwalimu wa zamu au mlinzi wa shule, kisha libadilishane karatasi na kundi jirani. Kundi jirani lidai tendo kwa kila sifa. "Ni mkarimu" igeuke kuwa "mvua ikinyesha asubuhi huwafungulia watoto wa chekechea kibanda chake wajikinge." Tenga muda wa kutosha hapa. Darasa lililoshika hatua hii vizuri huandika rasimu nzuri bila kusukumwa.

Hatua ya 4. Onyesha tukio moja linavyopanuliwa

Mwanafunzi anayeandika "alishinda mbio na kuweka rekodi" amesema kweli, lakini hajatuonyesha chochote. Weka ubaoni matoleo mawili ya jambo hilohilo.

La kwanza: *Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1500 mwaka 1974.*

La pili: *Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishika uongozi tangu mwanzo wa mbio za mita 1500. Hakuwasubiri wenzake wala hakujificha nyuma yao. John Walker wa New Zealand alimkaribia mwishoni mbele ya watu wa kwao, asimpite. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker naye, aliyekuwa wa pili, alikuwa chini ya rekodi ya zamani.*

Waulize toleo la pili limeongeza nini: siku, mahali, mpinzani, namna ya kukimbia, muda. Sasa onyesha na kile ambacho halikuongeza. Halikusema Bayi alikuwa akiwaza nini. Halikutaja jasho wala mapigo ya moyo. Mwandishi wa wasifu hapanui kwa kubuni, anapanua kwa kuuliza zaidi.

*Onyo:* kosa hili ndilo zito kuliko yote, na mara nyingi walimu ndio tunaolisababisha, kwa sababu kwenye insha za kubuni tunawasifu wanafunzi kwa kuremba. Kwenye wasifu, maneno ambayo hayakusemwa na mtu yeyote hayawekwi ndani ya alama za kunukuu.

Hatua ya 5. Kila mwanafunzi achague mtu wake

Sasa waende kwa watu walio karibu: fundi baiskeli, mama lishe, mkunga, mpishi wa shule, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu, imamu, mzee wa kanisa, jirani. Watu hawa hawamo kwenye intaneti, kwa hiyo hakuna pa kunakili.

Usimwagize mtu yeyote aandike wasifu wa baba au mama yake. Darasani kuna yatima, kuna waliolelewa na bibi, kuna ambao baba hatajwi nyumbani. Sema "mtu mzima unayemwamini na unayeweza kumfikia kwa miguu", basi. Atakayemchagua mzazi amchague kwa hiari yake.

Darasa likiwa na zaidi ya wanafunzi 45, wafanye kazi wawili wawili: mmoja anauliza, mwingine anaandika, kisha kila mmoja anaandika rasimu yake kutokana na maelezo yaleyale. Rasimu mbili za mtu mmoja zikisomwa pamoja hufundisha vizuri sana jinsi mwandishi anavyochagua.

Hatua ya 6. Mahojiano

Andaeni maswali 8 darasani, si zaidi. Swali linalojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" halifai. Linganisha:

- *Baya:* Je, maisha yalikuwa magumu zamani?
- *Zuri:* Ulipokuwa na umri kama wangu, siku yako ilianzaje tangu kuamka?
- *Baya:* Unaipenda kazi yako?
- *Zuri:* Nani alikufundisha kazi hii, na siku ya kwanza alikupa ufanye nini?
- *Zuri zaidi:* Ni lini ulitaka kuacha, na kwa nini hukuacha?

Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua njia panda. Liwekwe la sita au la saba, mtu akishazoea kuongea. Likiwa la kwanza, jibu litakuwa fupi.

Wafundishe mwenendo wa mahojiano kwa kuigiza mbele ya darasa. Mwanafunzi anaamkia, "Shikamoo bibi", anapokea marahaba, anajuliana hali naye, ndipo anaeleza shida yake: "Mwalimu ametutuma tuandike maisha ya mtu mmoja. Ningependa niandike yako ukiniruhusu." Akiambiwa njoo kesho, aende kesho. Kurekodi kwa simu ni kwa ruhusa tu. Mahojiano yasizidi nusu saa, yafanyike mchana na mahali pa wazi, barazani au kibarazani mwa duka, na mzazi ajue mtoto yuko kwa nani.

Wakati wa kuandika, mwanafunzi asijaribu kunasa kila neno. Aandike majina, mahali, namba na vitendo. Sentensi moja tu aliyoipenda, ile yenye ladha ya msemaji, aiandike neno kwa neno na kumsomea palepale ahakikishe: "Bibi, umesema hivi, sivyo?" Sentensi hiyo ndiyo itakayopata alama za kunukuu.

Kuna mambo ambayo mzee anaweza kuyasema na yasiandikwe: maradhi ya mtu mwingine, ugomvi wa shamba unaoendelea, mtoto wa nje, jina la aliyewahi kushtakiwa. Wape wanafunzi ruhusa ya wazi ya kuyaacha. Wengine huyaandika kwa sababu wanadhani kuacha ni kudanganya.

Hatua ya 7. Kukisia mwaka kwa matukio

Wazee wengi hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio. Mtoto anarudi na "nilikuja hapa mwaka wa mvua kubwa" na hajui afanye nini. Bandika jedwali hili ukutani, uongeze matukio ya wilaya yenu: daraja, njaa, mafuriko, siku shule ilipofunguliwa.

- Uhuru wa Tanganyika: 9 Desemba 1961
- Uhuru wa Kenya: 12 Desemba 1963
- Mapinduzi ya Zanzibar: 12 Januari 1964
- Muungano wa Tanganyika na Zanzibar: 26 Aprili 1964
- Azimio la Arusha: Februari 1967
- Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza: 1977
- Kifo cha Mzee Jomo Kenyatta: 22 Agosti 1978
- Vita vya Kagera: 1978 hadi 1979
- Jaribio la mapinduzi Kenya: 1 Agosti 1982
- Kifo cha Edward Sokoine: 12 Aprili 1984
- Kuzama kwa MV Bukoba: 21 Mei 1996
- Mvua za El Nino: mwisho wa 1997 hadi mwanzo wa 1998
- Mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam: 7 Agosti 1998
- Kifo cha Mwalimu Nyerere: 14 Oktoba 1999

Fanyeni hesabu moja pamoja ubaoni. Mzee anasema: "Tanganyika inapata uhuru mimi nipo darasa la tatu." Ni Desemba 1961. Kama hakurudia darasa, darasa la kwanza aliingia mwaka 1959. Enzi hizo mtoto angeweza kuanza shule ana miaka 7, na wapo walioanza wakiwa na 10. Kwa hiyo alizaliwa kati ya 1949 na 1952. Kwenye wasifu andika hivyohivyo: "alizaliwa kati ya mwaka 1949 na 1952". Usichague 1950 kwa kuwa inaonekana nadhifu.

Kitambulisho kikionyesha tarehe 1 Januari au 1 Julai, mwanafunzi aulize kwa adabu kama ni siku halisi au ilikadiriwa wakati wa kuandikishwa. Waeleze kwamba kutojua tarehe si aibu. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyeimba taarabu na unyago mpaka uzeeni na kufariki tarehe 17 Aprili 2013, hana mwaka wa kuzaliwa uliothibitishwa, na wanaoandika habari zake kwa uangalifu husema hivyo waziwazi.

Hatua ya 8. Kugeuza maelezo kuwa rasimu

Lugha ndiyo inayowashinda hapa, kwa hiyo tenga vipindi viwili kamili. Chukua mfano huu wa kutungwa. Bibi amesema:

*"Mimi nilikuja hapa na mama yangu kwa miguu. Mvua ilikuwa imegoma. Sasa tukaanza kuuza vitumbua pale stendi."*

Mwanafunzi anaandika: *Bibi alikuja hapa na mama yangu kwa miguu. Mvua ilikuwa imegoma. Sasa tukaanza kuuza vitumbua.*

Kuna makosa matatu, na darasa lote litayarudia usipoyataja. "Mama yangu" sasa amekuwa mama wa mwanafunzi. "Tukaanza" imemwingiza mwandishi kwenye biashara ya vitumbua. "Hapa" na "sasa" havina maana kwa msomaji aliye mbali. Iliyo sawa ni: *Bibi na mama yake walifika Korogwe kwa miguu, mwaka ambao mvua iligoma. Wakaanza kuuza vitumbua stendi.* Wanafunzi wachukue kalamu ya rangi, wazungushie kila ni-, tu-, -angu, -etu, hapa, sasa, leo na jana katika rasimu zao, kisha wageuze kimoja kimoja.

Kuhusu nyakati, wape haya manne:

- *-li-* hufungua tukio: *aliondoka, alikutana.*
- *-ka-* huendeleza: *akapanda, akafika, akakuta.* Baada ya tatu mfululizo, vunja sentensi na uanze upya kwa kitaja wakati: *Mwaka uliofuata...*
- *alikuwa aki-* ni kwa jambo lililorudiwa: *kila alfajiri alikuwa akikanda unga.*
- *-me-* haifai kwa tarehe iliyopita. "Amezaliwa mwaka 1950" husikika sana mitaani. Kwenye wasifu ni *alizaliwa*.

Wakague pia neno *yeye*. Kiambishi a- kinatosha, na *yeye* ibaki kwa msisitizo tu. Lakini watu wawili wakiwa kwenye sentensi moja, a- peke yake inapoteza msomaji. "Alimwambia mama yake kwamba amechoka": nani amechoka? Hapo taja jina. Jina nalo liwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtajwe kwa ukamilifu mara ya kwanza, kisha *Bibi Mwanaidi* au *Mzee Kombo*, kama anavyoitwa mtaani.

Hatua ya 9. Mpangilio wa aya

Aya nne zinatosha: maneno 250 kwa darasa la sita, 400 kwa kidato cha kwanza.

1. Mtu akiwa kazini au katika tendo lake la kawaida leo. Jina, mahali, kitu kimoja kinachoonekana.
2. Alikotoka: kuzaliwa, malezi, aliyemfundisha kazi. Fupi.
3. Njia panda, imepanuliwa. Aya hii iwe karibu nusu ya maandishi yote.
4. Yaliyofuata hadi sasa, na sentensi moja ya maneno yake mwenyewe.

Chini kabisa waandike mstari wa chanzo: nani amehojiwa, wapi, tarehe gani.

Anayetaka kuanza na kuzaliwa mwache, mradi aya ya tatu ipate uzito wake. Utaratibu huu ni ngazi ya kuanzia tu, na mwanafunzi hodari ataupita.

Hatua ya 10. Kuhariri na kumsomea mhusika

Wabadilishane rasimu. Msomaji aandike pembeni alama mbili tu: duara kwenye sifa isiyo na tendo, na alama ya kuuliza mahali anapotaka kujua zaidi. Asisahihishe tahajia, hiyo ni kazi ya mwisho. Kisha mwandishi arudi kwa mhusika na kumsomea. Ziara hii ya pili huwa ya dakika 15, na aghalabu ndipo habari bora zinapopatikana, kwa sababu mtu akisikia maisha yake yakisomwa hukumbuka mengine. Mhusika akisema jambo fulani liondolewe, liondolewe.

Kutoa alama

Kwa alama 20: usahihi wa taarifa na tarehe 5, tukio lililopanuliwa 5, mpangilio 4, lugha 4, mstari wa chanzo 2. Kusanya pia karatasi za mahojiano zilizoandikwa kwa mkono. Bila hizo, usitoe alama za usahihi.

Mambo yanayoweza kwenda kombo

*Mwandiko ni wa mtoto, lugha ni ya gazeti.* Ameandikiwa na mtu mzima au ametoa kwenye simu. Usimgombeze mbele ya wenzake. Muombe karatasi ya mahojiano, kisha muulize kwa mdomo maswali mawili kuhusu aya ya tatu. Akishindwa, aandike aya hiyo upya darasani.

*Mhusika alijibu kwa mkato.* Maswali yalikuwa mapana mno. Mrudishe na kitu cha kushika: picha ya zamani, chombo cha kazi, cheti. "Picha hii ilipigwa siku gani?" hutoa maneno mengi kuliko "nieleze maisha yako".

*Mhusika hasemi Kiswahili.* Mwanafunzi ahoji kwa lugha ya nyumbani, aandike maelezo kwa lugha hiyo, rasimu iwe ya Kiswahili. Neno la kazi lisilo na jina la Kiswahili libaki lilivyo, na lielezwe kwa sentensi moja.

*Watu wawili wametaja miaka tofauti.* Andika yote miwili na useme nani amesema upi. Hilo ni jambo la kupongezwa, mpe alama zake kamili.

*Hakuna njia panda.* Ipo, ila haikuulizwa. Si lazima iwe vita au maandamano. Kuacha shule ili mdogo mtu asome ni njia panda. Kukataa kuuza kiwanja ni njia panda. Mrudishe na swali la kutaka kuacha.

*Mhusika alilia.* Waandae wanafunzi mapema: wanyamaze, waweke kalamu chini, wasiulize swali jingine mpaka mwenyewe aseme. Wakuarifu kesho yake asubuhi.

*Vipindi havitoshi.* Ukibaki na vitano, ruka hatua ya 4, na hatua ya 9 iandike ubaoni tu bila maelezo. Usipunguze hatua ya 3 wala ya 8. Ukibaki na vitatu, acha mahojiano ya nje: mwite mtu mmoja darasani, mpishi au mlinzi wa shule, ahojiwe na darasa zima kwa dakika 30, na kila mwanafunzi aandike aya ya tatu peke yake.